Boga Moja la Bi Lorraine

Katika mji wa Tanner's Run, magharibi ya Pennsylvania, kwa miaka mingi, msimu wa Halloween ukifika, sikukuu ya watoto kuvaa sura za kutisha na kuchonga maboga, watu hawakuulizana kama filamu inatisha. Waliulizana ina maboga mangapi. Mama akimkuta mwanawe kwa jirani anatazama kitu chenye popo na makaburi, kabla hajafungua kinywa kulalamika, aliambiwa, "Tulia, ni boga moja." Naye alitulia, akarudi kwake kukaanga vitunguu.

Aliyeyaanzisha maboga hayo ni Lorraine Hudak, mkutubi wa watoto, mjane mfupi wa miaka sitini na miwili, mwenye sweta la rangi ya chungwa ambalo likitoka kabatini kila tarehe mosi Oktoba mji mzima hujua kwamba msimu umeingia. Kwa miaka ishirini na tisa alipanga meza karibu na mlango wa maktaba, akaijaza filamu za kutisha za watoto, kila kasha na stika zake za maboga. Boga moja: mtoto atazame peke yake. Maboga mawili: mtu mzima akae naye kwenye kochi. Maboga matatu: kamuulize mama yako, na mama yako aje aniulize mimi.

Usidhani alibandika kwa kukisia. Kila filamu aliitazama mwenyewe nyumbani, daftari mapajani, tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Daftari lilikuwa na safu alizozipiga mistari kwa rula. Kuna damu? Kuna mbwa anayekufa? Kuna mtoto anayefungiwa mahali? Kuna mchekeshaji mwenye pua nyekundu, wale wanaodaiwa kuchekesha? Na safu ya mwisho, aliyoiongeza mwaka ambao msichana mmoja alilia kwenye zulia la maktaba mpaka akashikwa na kwikwi: mama anakufa? Wazazi walilitania daftari hilo, wakaliita Biblia ya Lorraine, lakini kila aliyekuwa na shaka alilichungulia kabla ya kutoka. Na Lorraine, tusifichane, alipenda sana daftari lake lichunguliwe. Watu wengine wana nyumba kubwa. Yeye alikuwa na neno lake.

Basi sikiliza jinsi mtu mwangalifu anavyoharibu mambo. Hakuharibu kwa ulevi wala kwa roho mbaya. Aliharibu Jumamosi moja ya mwishoni mwa Septemba, saa tisa alasiri, akiwa na kikombe cha chai na soksi za sufi miguuni.

Zilikuwa zimeingia filamu kumi na moja mpya, naye alikuwa ameshatazama kumi. Ya mwisho ilikuwa katuni ya nungunungu mdogo aliyeishi na mama yake kwenye mnara wa taa uliochakaa, pamoja na mizimu mitatu iliyoogopa mswaki. Lorraine alicheka mara mbili, jambo ambalo halikumtokea mara kwa mara. Dakika ya arobaini simu ikalia. Alikuwa Phyllis, dada yake, na Phyllis alikuwa na habari za pierogi za kanisa, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani: nani kabana viazi, nani kanunua unga uliokwisha kandwa dukani akaapa mbele ya padri kwamba kaukanda mwenyewe. Habari hizo zilichukua saa nzima na robo.

Lorraine alipoweka simu chini, nungunungu alikuwa amesimama kwenye skrini kinywa wazi na chai ilikuwa imepoa. Akamtazama, akapiga mwayo. Akajiambia kwamba filamu ya watoto ikifika dakika ya arobaini imeshakuonyesha tabia yake yote. Akazima. Akachukua daftari. Damu: hapana. Mbwa: hapana. Alipofika safu ya mwisho kalamu ilisita. Nasema kweli, ilisita. Kisha ikaandika hapana, na chini yake, kama ilivyo kawaida, imetazamwa yote. Akabandika boga moja.

Wiki mbili baadaye alikuja Wendell Kratz na binti yake. Wendell huendesha greda la kuondoa theluji barabarani, ni jitu la mtu, lakini huzungumza kama anayeomba radhi kwa urefu wake. Binti ni Delaney, miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka. Mji wote ulijua kwamba mama yake, Jolene, alikuwa na saratani ya titi, na kwamba kila Alhamisi ya pili Wendell alimpeleka Pittsburgh kutundikiwa dawa, mwendo wa saa moja na nusu.

"Bi Lorraine, nataka ya kutisha," Delaney alisema. "Lakini kutisha kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Mtoto akafikiri. "Kama uko kwenye ngazi za chini ya nyumba halafu mtu azime taa kwa bahati mbaya."

"Hiyo ni boga moja na nusu. Tuanze na moja, tusijitie ushujaa."

Delaney alipitisha kidole kwenye makasha, akamwona nungunungu, akamkumbatia kifuani. Wendell aliinama juu ya meza akapunguza sauti. "Lorraine, unajua hali ya nyumbani kwangu. Humo hamna... mambo ya akina mama?"

Lorraine alifungua daftari, akaligeuza upande wa Wendell, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho. Kidole kilipoligusa neno lile, alikumbuka chai iliyopoa. Nafasi ilikuwa pale pale. Angesema tu "hii sikuimaliza", mtoto angechukua nyingine, na wote wangekwenda zao salama. Lakini nyuma ya Wendell walikuwa wamepanga foleni akina mama wawili, na yeye ni Lorraine Hudak, yule mwenye daftari.

"Hamna," alisema.

"Mungu akubariki," Wendell alisema. Akamaanisha.

Alirudi peke yake Jumanne, siku mbili kabla ya Halloween, akaweka kasha mezani taratibu.

"Mlimpenda nungunungu wetu?" Lorraine aliuliza.

Wendell alicheka kicheko chake cha kuomba radhi. "Mimi hata sijamwona. Nilikuwa nafua, Jolene amelala. Huyu mtoto, Lorraine, sijui kaingiwa na nini. Kafika katikati, yule mama katoka nje kwenda sijui wapi, basi! Kakimbia kajifungia kwenye kabati la makoti. Nusu saa nzima niko mlangoni nambembeleza. Nikamwambia, we Delaney, ni boga moja hili! Bi Lorraine kaitazama yote, hamna kitu humo, yule mama lazima karudi. Toka bwana."

"Akatoka?"

"Akatoka. Lakini Alhamisi iliyofuata tunaenda kwenye dawa, Jolene keshaingia garini, mtoto kashika mlango. Haachii. Ikabidi nimbandue vidole, kimoja, kimoja." Aliviangalia vidole vyake mwenyewe. "Tulichelewa. Nesi kasema tungechelewa kidogo tu zaidi wangetusogeza mpaka wiki nyingine. Na keshokutwa ndiyo tena. Halloween yenyewe hataki kuisikia. Mama yake kamshonea vazi la nungunungu, mirija mia mbili ya kuwa miiba, kila mmoja kaupaka rangi kwa mkono wake, na mikono yenyewe ile inayotetemeka. Halivai. Anasema Halloween ni ya watoto ambao hawaogopi boga moja."

Lorraine alilivuta kasha upande wake. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Watoto hutofautiana, Wendell."

"Ndivyo. Nami nilikuwa nawaza labda ni sisi. Nyumba yenye ugonjwa, mtoto anakua mwoga. Labda mimi sikumlea sawasawa." Aligonga meza kidogo kwa kifundo cha kidole, akamuaga, akatoka.

Lorraine alimwacha aondoke na lawama ambayo haikuwa yake. Kati ya yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililomla zaidi baadaye, kwa sababu uongo wa kwanza aliuandika akiwa na usingizi, lakini huu aliufanya akiwa macho kabisa, anamtazama mtu usoni.

Aliingia chumba cha nyuma, akaweka filamu, akaipeleka hadi dakika ya arobaini. Dakika ya arobaini na tatu mafuta ya taa yanakwisha mnarani. Mama nungunungu anateleka birika, anajifunga shali, anamwambia mwanawe, "Nitarudi kabla maji hayajachemka," anaingia ukunguni. Maji yanachemka. Birika linapiga mbinja, linapiga mpaka linakauka. Mtoto anamngoja, anamtafuta, mizimu inamsaidia kumtafuta, na mwisho anapanda ngazi za mnara peke yake na kuwasha taa ili wengine walioko baharini wasipotee. Mama harudi. Filamu yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, imetengenezwa na watu wanaojua machozi, ili itazamwe na mtoto aliyekaa karibu na mtu mzima. Maboga matatu, bila mjadala. Lorraine alilia juu ya sanduku la kalamu za rangi.

Kisha akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alichukua rangi nyeupe ya kufutia, akalifuta lile hapana, akapuliza likakauka, akaandika ndiyo. Akaongeza stika mbili. Akairudisha filamu mezani, imenyooka, kana kwamba imezaliwa hivyo. Jioni akampigia Phyllis.

"Lorraine, ni katuni ya nungunungu," Phyllis alisema.

"Niliandika imetazamwa yote."

"Na mimi kwenye leseni ya gari niliandika uzito ratili mia na arobaini. Serikali ilianguka?"

"Mtoto anadhani ana kasoro, Phyllis."

"Atasahau. Akifika miaka kumi atakuwa na kasoro nyingine."

"Kama ningeimaliza..."

"Aa, aa! Usije ukanisingizia mimi na simu yangu!"

"Sikusingizii. Tulipokata simu ningeweza kubonyeza kitufe nikaendelea. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano. Nilikuwa na Jumamosi nzima."

Phyllis alishusha sauti, na kwa Phyllis kushusha sauti ni habari. "Sasa unataka nini?" alisema mwishowe. "Ukiwaambia, mji wote utajua kabla ya Jumapili. Nani tena atayaamini maboga yako?"

Hilo Lorraine alikuwa ameshaliwaza. Usiku alilala vibaya. Jumatano mchana mama mmoja kijana aliingia maktaba mbio mbio, mtoto kiunoni, akachukua filamu tatu mezani, akatazama stika tu, hakuuliza chochote, akasema "Wewe ni malaika" na kutoka. Lorraine alitamani amkimbilie amnyang'anye. Mficha uchi hazai, husema watu, naye aliona sasa kwamba alichokificha hakitapona mpaka akiseme.

Alhamisi saa mbili asubuhi alizikabidhi donati za sherehe ya watoto kwa mwenzake wa maktaba, zile za kuning'inizwa kwa uzi na kuliwa mikono ikiwa nyuma, akasema atachelewa kidogo, akaendesha gari hadi kwa Wendell.

Aliwakuta uani. Gari linanguruma. Jolene ameketi ndani, kofia ya sufi kichwani, mto mapajani, uso mwembamba kuliko alivyoukumbuka Lorraine. Wendell amechuchumaa. Delaney, amevaa nguo za kulalia na mkoba wa shule mgongoni, ameung'ang'ania mlango wa gari kwa mikono miwili. Halii. Alikuwa amekwisha kulia.

"Lorraine, samahani, leo si wakati..." Wendell alianza.

"Nina neno na Delaney. Dakika mbili tu." Akapiga magoti kwenye majani yaliyoloa, magoti yakalia, naye akasema upesi kabla ujasiri haujamtoroka. "Delaney, yule nungunungu sikumtazama mpaka mwisho. Niliandika kwamba nimemtazama. Nilidanganya."

Mtoto alimtazama.

"Nilitazama dakika arobaini, simu ikalia, nikaacha. Nikabandika boga moja bila kujua kilicho mbele. Baba yako aliponiuliza, nilimwonyesha uongo kwa kidole changu mwenyewe."

Wendell aliinuka polepole. Ile sura ya kuomba radhi ilikuwa imeondoka usoni pake, na bila hiyo alikuwa mrefu sana. "Nilikuuliza, Lorraine," alisema. "Nilikuuliza jambo moja tu. Hilo hilo."

"Uliniuliza."

"Nilimtoa mtoto kabatini kwa neno lako. Nikamwambia anaogopa bure."

Lorraine aliinamisha kichwa. Sauti iliyofuata ilikuwa ya Delaney.

"Sasa umeimaliza?"

"Nimeimaliza juzi."

"Mama yake alirudi?"

Lorraine aliinua macho kumtafuta Jolene kwenye dirisha la gari lililo wazi, akitumaini atapewa ishara ya aina yoyote. Jolene alimtazama tu, hakumsaidia, hakumzuia. Lorraine aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa amekuja kuacha uongo, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa linamwomba uongo mwingine, tena mzuri kuliko ule wa kwanza.

"Hapana," alisema. "Hakurudi."

Delaney alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu alipoweka birika. Baba alisema karudi."

"Baba yako aliniamini mimi."

"Kwa hiyo siyo boga moja."

"Ni matatu. Mimi mwenyewe nililia. Mtu yeyote angekimbilia kabatini. Wewe uliona sawasawa, mimi ndiye niliyekosea."

"Ulilia?" Delaney alimkagua. "Na uzee wote huo?"

"Delaney!" Wendell alisema, lakini ndani ya gari Jolene alikuwa ameangua kicheko, kicheko dhaifu kilichoishia kwenye kikohozi. Akanyoosha mkono nje ya dirisha akaushika mkono wa mwanawe pale mlangoni.

"Nisikilize, kipenzi. Mimi ni mama yako, si nungunungu. Leo naenda kukaa kwenye kiti cha kuegemea, natundikiwa dawa, nakula biskuti zisizo na ladha, na saa kumi niko hapa. Umesikia?"

Delaney aliutazama mkono wa mama yake juu ya wake. Wendell alitazama saa yake, akaacha kuitazama.

"Bi Lorraine akae na mimi mpaka urudi," Delaney alisema. "Hapa. Siyo shuleni."

"Bi Lorraine ana sherehe yake leo," Wendell alisema bila kumtazama Lorraine.

"Nitakaa," Lorraine alisema.

"Shule ya leo iache, Wendell," Jolene alisema. "Twende."

Delaney aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Wendell alizunguka gari, na alipompita Lorraine alisimama kidogo. "Kuna tambi za haluski kwenye friji," alisema kwa ubaridi. "Anapenda kabichi iungue kidogo." Hakumwambia ahsante, wala hakustahili kuambiwa. Gari likatoka uani, likapinda kwenye sanduku la barua, likapotea.

Lorraine alipiga simu maktaba kusema kwamba hatafika kabisa, waanze bila yeye. Alipoulizwa sababu alisema yote, pamoja na daftari na rangi ya kufutia. Ndivyo yalivyokwisha maboga ya Tanner's Run. Halafu akaenda kuketi kwenye kochi lililotazama dirishani, ambako Delaney alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, macho barabarani.

"Atarudi leo?" Delaney aliuliza.

"Leo atarudi. Saa kumi, au kumi na nusu magari yakiwa mengi."

"Na Alhamisi ile nyingine?"

"Nadhani atarudi."

"Na siku zote?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Lorraine, lile tamu ambalo watu wazima huwagawia watoto wote. Alilimeza.

"Sijui, Delaney."

Mtoto alikunja pindo la blanketi. Lorraine akaona hapa amemwumiza mara ya pili, na safari hii hakuna simu ya kusingizia.

"Baba naye hajui," Delaney alisema. "Lakini yeye husema anajua, halafu anaenda kukaa garini peke yake."

Akalivuta blanketi, akamrushia Lorraine upande mmoja. Lorraine akajifunika. Wakakaa wakitazama barabara, wote wawili wakiogopa, na hakuna aliyemwambia mwenzake aache.